Ngiri Msibani kwa Mtani Wake

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa mvule umekabwa koo, na mwenye nyumba yu juu. Aliyekuja na usingizi autue chini, nisije nikaukanyaga.

Kindi alikuwa na mvule, ndani ya mvule pango, ndani ya pango watoto wanne. Basi ukaja mtambazi, mmea mgeni, ukaupanda mvule, viringi viringi, ukafunika majani, jua lisipite. Kindi akaukata kwa meno, kwachu kwachu. Asubuhi akikata, siku ya pili umechipua. Akikata tena, umechipua tena. Mzizi ulikuwa chini, mnene kama paja, na meno ya Kindi, tuseme ukweli, ni ya kumenyea karanga. Mvule ukaanza kukauka. Ukianguka, watoto wanne wataanguka nao.

Mwenye meno ya kuchimba alikuwa Ngiri, mtani wake. Kindi akaenda kumwomba. Ngiri akakubali, ila alipwe akiba yote ya kiangazi, mpaka kokwa la mwisho. Kindi akauliza watoto watakula nini. Ngiri akamjibu kwamba yeye hakuwazaa.

Kindi akarudi akafikiri. Kichwa chake kidogo, lakini hakina chumba kitupu.

Kesho yake akajipaka majivu usoni, akawaita kanga waje kulia. Kanga kwa kulia hawahitaji sababu. Kilio kikamfikia Ngiri. Na mila ya huko ni hii: penye msiba, mtani ndiye mchimba kaburi. Halipwi, ila mali ya marehemu atakayoishika ni yake. Tena mtani hakasiriki, afanyiwe lolote.

Ngiri akaja mbio, mkia juu, mate yanamtoka. Wala hakuuliza nani amekufa.

"Mtani, mali ya marehemu ni yangu?"

"Yote, mtani. Hakuna mwingine atakayegusa hata jani."

"Nichimbe wapi?"

"Hapo chini ya mvule. Chimba sana, marehemu alikuwa mrefu."

Ngiri akapiga magoti, maana ngiri huchimba kwa magoti. Mpita njia angedhani anamwombea maiti. Gubu gubu gubu. Mzizi wa kwanza, twa. Mzizi wa pili, twa. Kindi analia, jicho moja linachungulia: bado, mtani, bado kidogo. Gubu gubu gubu. Mzizi mkuu, twaaa. Ngiri akatoa kichwa shimoni, udongo mpaka puani, akauliza maiti iko wapi, jua linapanda.

"Umemaliza kumkata shingo sasa hivi," Kindi akasema. "Na mali yake ndiyo hiyo, majani na kamba mpaka kileleni. Pole kwa msiba, mtani."

Kanga wakaacha kulia, wakacheka mpaka madoadoa yakatikisika. Ngiri akavimba, akavimba, akanywea. Akataka kuuvuta urithi wake kwa hasira, Kindi akamkataza. Ukivutwa mbichi huvunja matawi, uachwe ukauke, udondoke wenyewe. Basi Ngiri akawa anakuja kila asubuhi kubeba urithi, mzigo baada ya mzigo, kanga wakimsindikiza kwa pole.

Siku ya tisa jua likapenya, likaingia mpaka pangoni. Kwenye tawi lililokuwa kavu pakachomoza jani moja. Kindi akaliangalia, akalinusa, akashusha pumzi aliyoibana tangu masika. Kisha akalala katikati ya wanawe, akakoroma kama mnyama mkubwa.

Funzo lake: penye msiba kimbilieni kuchimba, msiulize nani kafa, urithi haukosekani. Ngiri mpaka leo anawafundisha wanawe hivyo hivyo.

Hadithi yangu imetua. Anayebisha asimame asimulie yake, tumcheke.