Machela ya Sultani Asiyesogea

Palikuwa na Sultani mmoja wa Mtondooni, Sultani Nadhiri, mnene wa tumbo na mnene wa majivuno, aliyeamua kwamba yeye hasogei. Msicheke, bado mapema. Kila siku wachukuzi wanane walimbeba kwa machela, kijumba chenye dirisha juu ya miti, wakamzungusha mji mzima, wakamrudisha kwake kula. Lakini ole wako useme Sultani amekwenda sokoni. Mpiga mbiu alitangulia akinadi: "Sultani hatikisiki. Sultani yupo. Miji ndiyo inayomjia. Atakayeonwa akisogea mbele ya macho yake, ataibeba machela hii mpaka kufa."

Basi machela ikitokeza tu, mji unakauka. Kinyozi anabaki na wembe shingoni mwa mtu. Mama wa maandazi anayatazama maandazi yake yakiungua mpaka yanakuwa makaa, na mkono haunyooshi. Mwenye chafya anaimeza.

Sasa njoo kwa Tamimu. Huyu alikuwa muuza kahawa, fukara wa kutupwa, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko mdomo wa dele lake la kahawa. Chuoni alikaa siku chache, akamkosoa mwalimu, akafukuzwa. Mwenyewe husema ni mwalimu ndiye aliyekimbia. Siku hiyo alikuwa ndani ya kanzu ya kuazima, anakwenda kuoa. Na baba wa bibi harusi, Mwanasiti, alikuwa ameapa mbele ya watu: bwana harusi asipoonekana msikitini kabla ya sala ya alasiri, binti anapewa muuza chumvi. Muuza chumvi naye, mtu wa hadhari, alikuwa ameshaoga na kujipaka manukato, amekaa mlangoni pa msikiti anasubiri.

Tamimu yuko katikati ya njia, mbiu hiyo. Watu wamekauka. Machela inakuja polepole kama kobe aliyeshiba, inaelekea kulekule msikitini. Akalitazama jua. Akisimama, mke kaenda. Akikimbia, maisha yamekwenda. Machela ilipomfikia ubavuni, akaanza kutembea nayo, hatua kwa hatua, sambamba na dirisha la Sultani, uso kaukaza kama anayesindikiza maiti.

Ndani, Sultani alikuwa akirusha ndimu juu na kuidaka, mchezo wa wasio na kazi. Akamwona. Akatazama kando, akatazama tena. Mtu bado yupo.

"Simamisheni mji," akasema.

Wachukuzi wakasimama, machela mabegani.

"Wewe kijana, umesogea mbele ya macho yangu."

"Mimi, Mtukufu? Tuyaulize macho yenyewe. Uliponiona mara ya kwanza nilikuwa wapi?"

"Hapa, dirishani pangu."

"Na sasa niko wapi?"

"Hapa," Sultani akasema, na sauti ikampungua.

"Na mama wa maandazi?"

"Yuko nyuma huko."

"Alikuwa mbele yako, Mtukufu. Akaja ubavuni, akapita, sasa hata haonekani. Kinyozi vivyo hivyo. Mnara wa msikiti nao, naogopa kuusemea, unakujia tangu uutupie jicho. Mji mzima umekupita puani bila adabu. Aliyetulia ni mimi peke yangu. Nilidhani umenisimamishia kunipa zawadi."

Mtu mmoja alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi, kisha akakumbuka kwamba kukohoa nako ni kusogea.

Waziri Shekuwe, aliyekuwa akiifuata machela kwa nyuma, akamsogeza punda wake karibu. "Usimsikilize mpuuzi huyu, Mtukufu. Watu walisimama. Wewe ndiye uliyekuwa..."

"Malizia, Mheshimiwa," Tamimu akasema. "Sultani alikuwa anafanya nini?"

Waziri akayatazama masikio ya punda, kana kwamba jibu limetundikwa huko.

"Mimi sisogei," Sultani akasema, "na ushahidi ninao. Ndimu hii nairusha juu tangu nyumbani, kila mara inarudi kiganjani. Ningekuwa nakwenda, ingeangukia nyuma yangu."

Hapo Tamimu aliuma ulimi. Yeye kila siku hurusha kikombe juu huku anatembea sokoni, na kikombe humrudia mkononi hata akienda mbio. Kitu kilichokuwa kinakwenda nawe hakiachi kwenda eti kwa sababu kimeruka. Lakini Sultani alikuwa anajifunga mwenyewe, na Tamimu si mtu wa kumkatiza mtu mzima kazi yake.

"Umesema, Mtukufu. Ndimu haina sababu ya kudanganya. Basi wewe hukusogea, na mimi sikubanduka kwako, kwa hiyo nami sikusogea. Nipe ruhusa, naoa leo."

Watu wote walikuwa wanamtazama Sultani. Akatabasamu polepole, tabasamu la mtu aliyepata njia ya nyuma.

"Kweli, hukusogea. Nimekusamehe. Lakini kijana anayejua kutulia karibu nami namna hii, nimwachie mwanamke? Kuanzia sasa utatulia chini ya machela yangu, maisha yako yote. Si adhabu, ni heshima. Mpeni mti ashike. Twendeni nyumbani, pilau inapoa."

Waziri akacheka wa kwanza, tena kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limeshainama. Katika mawazo yake Tamimu alimwona Mwanasiti, waziwazi kabisa, akisugua mgongo wa muuza chumvi.

Hakubisha. Akakunja mikono ya kanzu ya watu, akaushika mti wa machela, akaweka bega. Halafu akawageukia wale wachukuzi wanane, jasho linawatiririka mpaka visigino.

"Tueni chini, jamani," akawaambia. "Bwana hasogei, na ndimu imeshashuhudia. Machela ikiwa chini, mimi sina tena pa kutulia chini yake, nakwenda kuoa. Kaeni naye hapa, mngoje pilau imjie."