Ndege Yenye Pazia

Pazia hugawa viti, haligawi safari. Nimeisema sasa hivi kwa ajili ya Ipyana, mwanangu wa mwisho, ambaye kazini kwake wanamlipia kiti cha mbele, na ambaye amewaambia ndugu zake wanaochagua tiketi za kwenda harusini Kanada kwamba wapande wanavyojua, wataonana wakifika. Mmecheka, halafu mkaniuliza methali hiyo nimeitoa kitabu gani. Haimo kitabuni. Ni changa kuliko mimi, ilizaliwa katika ukoo huu, na siku inazaliwa nilikuwepo. Methali hii ilianza hivi.

Baba yenu Lusajo alikuwa akisoma Ujerumani, katika mji wa Hamburg. Mimi nilikuwa mke kijana, nimebaki Tukuyu nyumbani kwa babu yenu pamoja na dada yenu Tusa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kupakatwa. Masomo yalipokaribia kwisha, Lusajo alitaka baba yake amwone akivikwa joho. Akapiga simu ofisi ya misheni, akasema atalipa nauli ya mzee na yangu. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mashemeji zangu hawakuwa na pasi za kusafiria, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Mimi nilisomea ualimu. Kwa hiyo ikawa mzee atasafiri na mkamwana wake, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Ninyi mmekulia Dar es Salaam, acheni niwaeleze. Kwetu Unyakyusa, enzi hizo, mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani mpaka apite. Humtazami usoni, hukai naye benchi moja, huli mbele yake, na jina lake hulitaji. Mimi hata leo sitalitaja. Anayelitaka akalisome kaburini. Haikuwa chuki, msidhani hivyo. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, na mke aliyeivunja alirudishwa kwao, na ng'ombe wa kosa akadaiwa juu yake. Mke wa shemeji yangu mkubwa alirudishwa kwa sababu alimpokeza mzee kikombe mkono kwa mkono. Mtoto wake alibaki, yeye akaondoka na kisanduku, na sikusikia tena akiitwa.

Nami nilikuwa na doa langu tangu mwanzo. Nililelewa Morogoro, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli, kwa hiyo pale nyumbani walinitazama kwa jicho la kusubiri. Kila nikipita bila kuchutama walisema, huyo ni wa mjini, siku yake inakuja.

Kikao cha kuchagua ndege kilikaa sebuleni kwa mzee, mwenyewe akiwa hayupo. Mimi nilikaa jikoni, mlango wazi, nikisikia yote. Gwakisa, binamu wa mume wangu aliyekuwa wakala wa tiketi Mbeya, alileta vijitabu vya rangi vya mashirika matatu. La kwanza alilisifu kwa chakula, la pili kwa kufika haraka bila kulala njiani. Shangazi Sekela, dada yake mzee, alizilinda mila za ukoo huu kama mgambo. Hakuuliza chakula wala haraka. Alikisogeza kijitabu karibu na macho, akataka kujua kama viti vya safu moja vimekaa juu ya chuma kimoja. Gwakisa akakiri kwamba ndivyo. Basi hilo ni benchi, shangazi akasema, ni benchi lililovishwa vitambaa.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema mkono wa kiti ulio katikati unatosha kuwa mpaka; shangazi akauliza mpaka gani huo ambao mtu anaunyanyua. Mwingine akasema tukae safu mbalimbali. Hilo nalo likakwama, maana choo ni kile kile, na mzee akisimama kwenda chooni atapita nilipo, na huko angani sina mgomba wa kujifichia.

Ndipo Gwakisa akafunua shirika la tatu. Hili lilikuwa ghali kuliko yote, na kungoja kubadilisha ndege kulikuwa kurefu mno, lakini ndege yake ilikuwa na daraja la kwanza, mbele kabisa, lenye choo chake na mlango wake wa kupandia, na kati yake na daraja la kawaida kulikuwa na pazia zito. Shangazi akamwambia arudie hapo kwenye pazia. Gwakisa akarudia. Shangazi akafunga kijitabu, na ndege ikawa imechaguliwa. Mashemeji wakachanga nyongeza ya kiti cha mzee bila kunung'unika. Sitawaficha, kule jikoni nilifurahi kuliko wao wote. Nilikuwa nimekosa usingizi kwa safari ile, na sasa nilikuwa nimepewa ukuta.

Lakini tulisahau jambo, na tulisahau wote. Babu yenu tangu ujana wake hakuwahi kutia tonge kinywani peke yake. Wazee wa kwetu hula na wa rika lao; anayekula peke yake hasemwi vizuri, huulizwa anaficha nini. Kila adhuhuri mzee Mwandemele alivuka barabara na kigoda chake, wakala sahani moja. Tena mzee alikuwa na kisukari. Daktari wa misheni alimwagiza ameze kidonge, kisha ale bila kuchelewa, kwa sababu kidonge hicho kikikuta tumbo tupu humwangusha mtu. Mambo haya mawili yalijulikana nyumba nzima. Hakuna aliyeyaweka pamoja, kwa kuwa akili zetu zote zilikuwa kwenye pazia.

Tulipanda kama tulivyoagizwa, yeye kwanza, mimi mwisho. Alimeza kidonge chake uwanjani kabla ya kuingia, akijua chakula kitaletwa. Ndege ikapaa, pazia likavutwa, nami nikakaa nyuma na Tusa mapajani karibu na mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa mpole sana. Wakatugawia chakula, nikala, wakakusanya sahani. Nilianza kusinzia.

Nikasikia jina la mzee. Mhudumu wa ndege alikuwa amesimama mbele ya pazia na kipande cha tiketi mkononi, analisoma jina lile kwa shida na kuuliza nani anasafiri naye. Alilisoma mara ya pili, ya tatu. Mimi siwezi kulitamka, kwa hiyo nilinyoosha tu mkono kama mwanafunzi. Akaja, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee wangu ni mnywaji. Alisema anatokwa jasho, anatetemeka, anasema maneno wasiyoyaelewa, na abiria mmoja amelalamika kwamba amelewa. Chakula walimpelekea, akakisukuma.

Mzee wa kanisa, asiyegusa hata togwa iliyolala. Nilielewa papo hapo. Nikamwambia mhudumu ni sukari imeshuka, apewe juisi tamu upesi. Akaenda. Akarudi. Glasi pia ameikataa, akasema, amefumba kinywa kama mtoto.

Nikamwachia yule mama Tusa, nikaenda mpaka kwenye pazia, nikasimama upande wangu. Niliinamisha uso, nikazungumza kwa Kinyakyusa kupitia kitambaa.

"Baba, kunywa hiyo juisi. Ni dawa."

Sauti yake ikaja, nzito kama ya mtu aliyeamshwa. "Peke yangu?"

"Kunywa, Baba, tafadhali."

"Mwandemele yuko wapi? Siwezi kula peke yangu."

Nilibaki nimelishika lile pazia. Msije mkaambiana kwamba mama yenu alikuwa jasiri, maana sikuwa. Niliogopa. Nilimwona mke wa shemeji yangu na kisanduku chake. Nilimfikiria Tusa, maana kwetu mke akirudishwa, mtoto hubaki. Nilitazama watu wote waliokaa mle ndani nikitamani hata mmoja tu awe anajua Kinyakyusa, anisaidie, nami nibaki upande wangu na adabu yangu. Mzee aliendelea kumwita Mwandemele. Kisha maneno yakawa hayashikani, kisha akanyamaza.

Aliponyamaza, nikaingia.

Nilijifunika kanga usoni, nikapiga magoti kando ya kile kiti kikubwa. Nikachukua glasi kwa mhudumu, nikanywa mafunda mawili kwa sauti, kama wanaume wanywavyo, ili asikie kuna mtu. Nikasema, "Tunakunywa wawili, Baba." Nikamgusisha glasi midomoni. Akafungua kinywa. Nikanywa tena, akanywa tena, mpaka glasi ikaisha. Wakaleta nyingine. Halafu nikakata mkate vipande viwili, nikatafuna changu pale pale mbele yake, naye akatafuna chake.

Tulikaa hivyo kitambo. Mikono yake ikaacha kutetemeka. Niliona sasa naweza kutambaa kurudi, lakini sauti yake ikanishika.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Baba. Mama Tusa."

Alivuta pumzi. "Umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako, Baba."

Nilingoja hukumu hapo hapo. Yeye akauliza, taratibu kabisa, "Ninyi huko nyuma mnakwenda wapi?"

Nilidhani bado amechanganyikiwa. "Hamburg, Baba."

"Na mimi huku mbele?"

"Hamburg."

Akafikiri. "Basi Sekela ametununulia kitambaa cha bure," akasema. "Kimegawa viti, hakikugawa safari."

Akaniambia nirudi kwa mtoto, na nimwombe mhudumu alifunge lile pazia pembeni, likae wazi. Mhudumu alisita, maana si utaratibu wao, lakini alikuwa ameshaona yaliyotokea, akalifunga pembeni. Tulipobadilisha ndege, nikamwomba mhudumu wa ndege ya pili vivyo hivyo, naye akakubali. Chakula kilipoletwa humo, wale wa mbele walitangulia kupewa. Mzee aliweka mikono mapajani, akageuza shingo akitazama nyuma, chakula chake kikapoa. Wahudumu walidhani hakipendi. Nilipowekewa changu na kushika kijiko, naye akashika chake.

Hamburg nilikaa kwa wasiwasi. Lusajo alivikwa joho, tukapiga picha, mji ni mzuri, lakini mimi kila nilipolala niliona sebule ya Tukuyu. Lusajo aliniambia tunyamaze, nani atajua. Nilimwambia baba yake hajawahi kusema uongo, hataanzia kwangu.

Na hakuanzia kwangu. Tuliporudi, kabla hata ya kufungua masanduku, mzee aliwaita ndugu zake akawaeleza mwenyewe, tangu juisi mpaka mkate. Mimi nilichutama jikoni, Tusa mgongoni. Shangazi Sekela hakupandisha sauti. Alisema anamshukuru Mungu kwa uhai wa kaka yake, lakini mwiko ni mwiko, mkamwana amekula uso kwa uso na mkwewe, na ukoo huu una njia yake. Ng'ombe atoke, na binti arudi kwao. Wengine wakaitikia kwa kuguna. Nikaanza kuwaza nguo zipi za mtoto nimwachie.

"Ng'ombe atatoka," mzee akasema. "Mwiko umevunjwa, siwezi kusema haukuvunjwa."

Nikajua nimekwisha.

"Ila atatoka zizini kwangu. Aliyekataa kula ni mimi; huyu alinifuata tu nilikokuwa. Na kwao harudi."

Shangazi akamkumbusha mke wa yule mwanawe mkubwa, aliyerudishwa kwa kikombe tu.

"Huyo nilimkosea," mzee akasema. "Kesho atumwe mtu akamwombe arudi kwa mtoto wake. Na huyu wa jikoni, mtu niliyekula naye sasa simwachi njiani."

"Sasa lile pazia tulilolitafuta lilikuwa la nini, kaka?" shangazi akauliza, na safari hii aliuliza kwa kutaka kujua.

"Pazia hugawa viti, Sekela. Haligawi safari."

Nililia kule jikoni, tena kwa sauti, na hakuna aliyenikemea. Ng'ombe alichinjwa Jumamosi. Mke wa shemeji yangu alirudi kabla ya mvua, na ndiye yule mama yenu mkubwa anayewaletea ndizi kila Krismasi, ambaye hamkujua kwa nini babu yenu akitajwa hufuta macho.

Sikukatazi kukaa mbele, Ipyana. Kiti umekipata kwa kazi yako, na babu yako naye alirudi Tukuyu kwenye kiti cha mbele vile vile. Ila usiwaambie tena ndugu zako kwamba mtaonana mkifika. Pazia hugawa viti, haligawi safari.