Fisi Aliyekataa Tonge la Kuonjwa

Paukwa!
Pakawa!
Sinia?
La wote!
Tonge?
La mmoja!
Na mfupa uliobaki?
Wa Fisi!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejitenga pembeni na sahani yako, unaichambua kama mtu anayetafuta sindano, sogea pia. Hadithi hii inakuhusu kidogo.

Hapo kale, katika Bonde la Migunga, aliishi Fisi mmoja mwenye nguvu kuliko wote. Shingo yake nene, taya lake linavunja mfupa wa paja la nyati, kwau! Kicheko chake kilisikika mpaka ng'ambo ya kilima. Na ulafi wake ndio usiseme. Jioni jamaa zake walipoketi uwanjani kuzunguka sinia la mti la shangazi yake, Bi Mwanaiki, Fisi ndiye aliyetia mkono mapema na kuutoa wa mwisho. Alikula nyama, akala mafuta, akavunja mifupa akafyonza uboho, fyoo. Wenzake walilamba sinia.

Hata hivyo walimpenda. Alikuwa akila huku anacheka, na akicheka yeye wanacheka wote, na waliokosa nyama wakasahau kwamba wamekosa. Mahali pake palikuwa kuliani kwa shangazi, na hapana mwingine aliyekaa hapo.

Bonde hilo lilikuwa na desturi moja: mpishi huonja kwanza. Bi Mwanaiki alikata tonge mbele ya macho ya watu, akalitafuna, akameza, ndipo akasema, "Karibuni." Maana yake, chakula hiki hakina ubaya, na kama kinao, basi nimetangulia mimi. Kabla ya neno hilo hakuna aliyegusa sinia, hata Fisi na uchu wake wote.

Sasa jirani na uwanja ule palikuwa na kichuguu, na ndani ya kichuguu aliishi Nguchiro. Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba, mbavu nje. Riziki yake ilikuwa mabaki ya sinia, na Fisi hakuacha mabaki. Basi Nguchiro alilala na njaa, akaamka na njaa, akakaa kitako akafikiri na njaa.

Siku moja Fisi alivimbiwa. Akajilaza kando ya kichuguu akiguna, guu, guu, guu. Nguchiro akachomoza kichwa.

"Pole, kaka. Ni taka hizo."

"Taka gani, mdogo wangu?"

"Taka za chakula. Hasa mafuta. Yanaganda ndani, yanaziba njia. Anayekula safi tupu haumwi wala hazeeki. Wenzake wanakwisha mmoja mmoja, yeye yupo tu, anadunda."

Fisi aliacha kuguna akasikiliza. Mnajua mlafi alivyo. Yule aliyetaka mifupa yote iwe yake, sasa alitaka na siku zote ziwe zake. Akaona kama ameibiwa miaka mingi bila kujua. Kesho yake alikata kipande cha mafuta kwenye sehemu yake, akakipeleka kichuguuni kabla ya kula, shangazi akimtazama.

"Hiki ni safi?"

"Si safi, kaka."

"Nikiweke wapi?"

"Kiweke hapo mlangoni. Nitakifukia."

Fisi akakiweka, akaondoka. Nyuma yake akasikia sauti ndani ya kichuguu: kru, kru, kru.

"Unafanya nini humo, mdogo wangu?"

"Nafukia, kaka. Nafukia."

Ukweli ni kwamba siku za mwanzo Fisi alijisikia vizuri. Tumbo lilikuwa jepesi, alilala bila kuguna, akaanza kutembea amenyoosha kichwa. Akawatazama jamaa zake wanavyolamba mafuta vidoleni, akawahurumia. Baadaye huruma ikageuka kinyaa. Akawaambia, huku wanakula, jinsi mafuta yanavyoganda tumboni, na mmoja wao akaacha tonge lake akaenda zake. Fisi alidhani amemwokoa.

Kisha akapeleka ini. "Hili ni safi?" Si safi, kaka. "Niliweke wapi?" Liweke hapo mlangoni. Kru, kru, kru. Akapeleka uboho, uboho aliokuwa anauota tangu utotoni. Si safi. Fyoo, ikasikika ndani. Akauliza hiyo fyoo ni ya nini. Nafukia, kaka, akajibiwa, ardhi ya leo ina majimaji. Mwisho akapeleka nyama yenyewe, nyekundu, iliyonona, akaiweka mlangoni, akageuza uso asiione ikiingia.

Akabaki na kunde na mchuzi. Hapo Nguchiro akakaa akafikiri tena. Kunde hakuzitaka, lakini alijua kwamba Fisi akiendelea kuketi na watu, ipo siku atasahau akacheka, na akicheka atakula, na mabaki yataisha tena. Basi akamwuliza, kwa sauti ya kumwonea uchungu, kama amewahi kutazama vizuri ule mdomo wa shangazi unavyolishika tonge la kwanza. Kisha mkono uleule unarudi siniani. Sasa mate yale yanakwenda wapi, kaka?

Fisi aliaga akaenda zake. Lakini jioni ile Bi Mwanaiki alipoonja na kusema "Karibuni," mkono wa Fisi haukutoka. Mate tu ndiyo aliyoyaona. Shangazi akamuuliza kuna nini, akasema hana njaa. Akamkatia tonge, akalionja ncha kwa upendo kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo, akamnyooshea. Fisi akalisukuma.

"Shangazi, hilo limeshaguswa na mate. Mimi sili uchafu."

 Bi Mwanaiki alilitazama lile tonge mkononi, akalirudisha siniani polepole. Hakumkemea. Alisema tu, "Sawa, baba," na sauti yake haikuwa sawa.

Fisi akainuka akaenda kuishi juu ya kilima, kwenye jiwe bapa. Huko hakuna mkono wa mtu mwingine, alijiambia, hakuna mate, hakuna moshi wa chungu. Alikula majani machanga. Fisi, wenzangu, anakula majani. Aliliosha jani kijitoni, akaliosha tena, akalisugua mpaka likachanika, na likichanika alilitupa, kwa sababu jani lililochanika huenda limeingiwa na kitu. Kiu aliikata kwa umande, ndo, ndo, ndo, kutoka kwenye jiwe alilolifuta mwenyewe.

Manyoya yakaanza kumtoka. Meno yakalegea, lile taya la kwau likawa linauma kwa jani la mchicha. Alisikia baridi jua likiwa utosini. Akisimama, kilima kinazunguka, inambidi akae. Haya yote alimpelekea Nguchiro, na Nguchiro akampongeza. Hizo ni taka zinatoka, kaka. Zikiisha utaona.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Nguchiro, maana aliona haya. Zamani, alipokuwa mlafi, chakula alikifikiria jioni tu, kikiwa mbele yake. Akishiba amesahau. Sasa alikifikiria tangu kunapambazuka. Alifikiria alichokula jana kama kilikuwa safi kweli, alichotaka kula leo, na alichokula miaka iliyopita ambacho huenda bado kimo ndani kinamngoja. Hakuna nafasi iliyobaki kichwani kwa kitu kingine. Hata jina la mtoto wa dada yake lilimtoka, akalitafuta siku nzima asilipate.

Siku moja jamaa wakatuma mtu kumwalika arusini. Fisi aliuliza kitapikwa nini, kitapikwa na nani, na maji yatatekwa wapi. Mjumbe akajibu, akajibu tena, akachoka akateremka. Fisi hakwenda. Alikaa juu ya jiwe akasikiliza ngoma, na katikati ya ngoma akasikia wenzake wanacheka, na kicheko kile kilikuwa na pengo pale ambapo chake kilikuwa kikiingia. Akajaribu kucheka peke yake, aone tu kama kicheko bado kipo. Ikatoka hee, pumzi tupu. Alijilaza akakumbatia mbavu zake. Alikuwa safi kuliko wote bondeni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Ikafika asubuhi ambayo hata umande aliuogopa. Je, umepita wapi kabla ya kufika kwenye jiwe? Akaona bora akaulize. Akateremka anayumba, anashika mti huu, anashika mti ule, mpaka kichuguuni.

"Mdogo wangu. Umande ni safi?"

 Fisi akainama atazame. Akamwona Nguchiro amekwama mlangoni, kichwa nje, tumbo ndani. Manyoya yanang'aa, mashavu yamejaa, shingo haionekani. Amenenepa kushinda mlango wake mwenyewe. Na pembeni ya kichwa, kwenye nafasi ndogo iliyobaki, ilikuwa ikitoka harufu ya uboho, na Fisi aliona mifupa, mifupa yake, imepangwa ndani mmoja juu ya mwingine, imefyonzwa mpaka imekuwa myeupe.

Alielewa. Hakuhitaji kuambiwa. Alikumbuka hata desturi ya bonde, kwamba chakula huonjwa kwanza na mwingine ili ujue hakina ubaya. Nguchiro alikuwa amemwonjea mafuta, ini, uboho na nyama, miezi yote hiyo, na huyo hapo, hajafa. Njaa yote aliyoilaza ikaamka. Akafungua kinywa. Kichwa cha Nguchiro kilikuwa hapo hapo, hakina pa kwenda.

Nguchiro hakupiga kelele. Alimtazama Fisi machoni, akasema kwa upole kabisa:

"Nile, kaka. Haki yako. Lakini kumbuka taka zako zote nimezila mimi. Mafuta yako yamo humu, ini lako limo humu, na mate ya bonde zima. Hakuna kitu kichafu kuliko mimi chini ya jua."

Na Fisi, aliyejua kuwa ni uongo, aliyejua tangu mwanzo hadi mwisho kuwa ni uongo, alishindwa kufunga meno. Taya lilikataa. Alisimama vile, kinywa wazi, machozi yanamtoka, na Nguchiro akajivuta, akajivuta, pwaa! akachomoka, akaingia kwenye majani na tumbo lake lote. Hajaonekana bonde lile tena.

Fisi alibaki hapo mpaka jioni. Akasikia sinia linatua uwanjani. Akasikia shangazi anatafuna, anameza. "Karibuni." Miguu yake ikampeleka, yeye hakuituma.

Jamaa walimwona anakuja. Walitazama mifupa yake chini ya ngozi, kisha wakatazama pembeni. Kuliani kwa shangazi palikuwa wazi. Muda wote ule hapana aliyekaa hapo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa."

Akakaa. Bi Mwanaiki akakata tonge dogo, la mtoto anayeota meno. Akauma ncha, akatafuna, akameza, akamnyooshea lililobaki. Fisi akalitazama. Akaliona jeraha la jino, akayaona mate yanang'aa. Swali likamjia kooni, lile swali lake moja. Shangazi aliliona likija akawahi.

"Mimi nimekuonjea tangu huna meno," alisema. "Huyo wako wa kichuguuni alikuonjea mbele ya macho yako lini?"

Fisi akalipokea. Akafumba macho, akalitia kinywani. Na hapo hapo akakwama, hatafuni wala hatemi. Jamaa zake nao wakaacha kula. Nyama ikapoa, mchuzi ukaganda, na wao walikaa tu wamemzunguka, wanangoja, wala hakuna aliyemharakisha.

Wako wanaosema alimeza, na kicheko kilichosikika usiku wa jana nyuma ya kilima ni chake. Wako wanaosema bado ana tonge shavuni, na shangazi bado amekaa. Mimi sikuwepo mpaka mwisho, nilikuwa na mambo yangu.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi.

Na funzo lake, wanangu, ni hili. Chakula ni kitu cha hatari sana. Msile na watu, watu wana mate. Mafuta yanaganda, ini ni baya, na kile kipaja cha kuku kwenye sahani yako wewe uliyekaa pembeni, ambacho umekizungusha tangu paukwa mpaka sasa, nakiona kutoka hapa kwamba si safi hata kidogo. Kilete. Kiweke hapa karibu na mguu wangu.

Nitakifukia.