Sahani Tatu za Mwatumu

Hapo zamani, na wala si mbali sana, maana soda ilikuwa imeshafika, palikuwa na mtoto aitwaye Mwatumu. Alikuwa na nyumba tatu za kula na tumbo moja la kutilia.

Akitoka shule, hupita kwanza kwa bibi yake. Bibi humpakulia ubwabwa wa nazi. Mwatumu anakula. Hupita kwa shangazi yake. Shangazi humtolea maandazi na soda baridi. Mwatumu anakula. Hufika kwao. Mama humpakulia ugali na kisamvu. Mwatumu anakula. Hakuna aliyemshindilia. Kila mmoja alimpa sahani moja tu, na mtoto alikuwa na adabu zake: chakula cha mtu hakatai.

Akanenepa. Watu wakasifu, "Mtoto ana afya huyo!" Akazidi. Akawa akipanda kilima cha shule anakaa chini njiani. Akawa akilala anakoroma, anakatika pumzi, anashtuka. Mama yake akaingiwa na hofu hasa.

Wakampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akawauliza wote watatu, kisha akasema, "Huyu hajarogwa, wala si mlafi. Soda iishe. Maandazi yawe ya sikukuu. Wali upungue, mboga zizidi, na acheze. Asishindishwe njaa, ni mtoto. Lakini akitoka shule ale nyumba moja tu."

Nyumba moja! Walirudi wamenuna, wakakaa kubishana.

Bibi akasema, "Ale kwangu. Alizaliwa mifupa mitupu huyu, mkasema hatapona. Nani alimnywesha uji kwa kijiko mpaka roho ikamrudi? Leo chungu changu ndicho kibaya?"

Shangazi akasema, "Ale kwangu. Maandazi nitaacha, nitampa papai na maharage. Nyinyi mna wa kula nao. Mimi tangu nimzike mwanangu, siku asipokuja Mwatumu chakula hakinipiti kooni."

Mama akasema, "Wifi, pole, lakini ale kwangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Na katika sahani zote tatu, yenye mboga ni yangu, nayo ndiyo anayoifikia mwisho."

Kila mmoja alisema kweli, hapo ndipo penye taabu. Wakamgeukia mtoto. "Haya, sema wewe."

Mwatumu akatazama miguu yake. "Nilikuwa nashiba kwa bibi," akasema. "Kwingine nilikula ili msinune."

Mama alilia, na shangazi akainuka akaenda zake.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msiniambie wote wafunike vyungu, maana mtoto lazima ale. Kesho shule ikitoka, Mwatumu ale kwa nani? Na wale wawili watakaomkosa, nani kati yenu ataenda kuwaambia?