Meza ya Mikono Minne

"Kila mkono una dhiraa yake." Bi Mwatumu alimwambia hivyo jirani yake aliyekuja kumjulia hali asubuhi, na vijana waliokuwa wakipaka chokaa sebule yake wakashusha brashi zao. Walijua kuwa dhiraa ni kipimo cha zamani, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kwamba wengine hukiita mkono tu. Ila methali yenyewe ilikuwa ngeni masikioni mwao. Wakataka kujua imetoka wapi. Bi Mwatumu akavuta kigoda, akaketi, akawaambia kuwa methali hiyo ilizaliwa juu ya meza, na mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Pangani palikuwa na mkunga aitwaye Mwanakheri, mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu na mwepesi wa kucheka. Alikuwa mjane wa miaka mingi. Alipofika umri ambao wenzake walikuwa wakilea wajukuu, akaposwa na Hatibu, karani mstaafu wa stesheni ya reli ya Tanga, mtu mrefu ambaye hakuna mlango aliopita bila kuinama. Hatibu naye alikuwa mgane. Alifiwa na Bi Saumu, mke aliyekaa naye miaka thelathini.

Hatibu hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mpole, mkarimu, hakosi salamu. Lakini jina la Bi Saumu lilikuwa halimtoki mdomoni. Mwanakheri akipika mchuzi, ataambiwa marehemu alikuwa akitia bizari mwishoni. Akitandika kitanda, ataambiwa marehemu alikuwa akielekeza mito dirishani. Hatibu aliyasema hayo bila kinyongo, kama mtu anayeelekeza njia aliyoizoea. Mwanakheri alijiambia kuwa si uungwana kumwonea wivu aliye kaburini. Akawa anatia bizari mwishoni, na mito akaielekeza dirishani.

Sasa ukumbini mwa nyumba ile, kati ya mlango wa chumbani na mlango wa kutokea uani, palikuwa na ukuta mtupu. Zamani paliegemezwa meza ndefu nyembamba, lakini binti wa Hatibu aliichukua alipoolewa Korogwe. Siku moja Hatibu akasema ukuta ule unamsikitisha, na kwamba Mwanakheri aende Tanga akachague meza nyingine, ya kizamani, ya mbao za kweli.

Mwanakheri alifurahi kupita kiasi. Hicho kingekuwa kitu cha kwanza katika nyumba ile kuchaguliwa na yeye. Hatibu akaupima ukuta kwa mkono wake, kiwiko baada ya kiwiko, kisha akamwambia, "Mikono minne kamili. Isizidi hapo, itaziba mlango."

Alfajiri ya kesho yake Mwanakheri akapanda basi. Kule Ngamiani, mtaa wa mji huo, alikuwako seremala aitwaye Fundi Mhando, aliyekuwa akinunua vyombo vya nyumba za zamani, anavikarabati na kuviuza. Karakana yake ilinuka maranda ya mbao na vanishi. Mwanakheri akazunguka humo kama mtu anayechagua kanga. Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Aliinama kutazama uvunguni kama kuna unga wa bungua, wadudu watoboao mbao. Alivuta droo, akazirudisha, akaona ipi inakwama.

Ndipo akaiona. Ilikuwa meza ya mbao za msaji, ndefu, nyembamba, yenye droo tatu na miguu iliyochongwa kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka. Juu yake palikuwa na duara jeusi, alama ya kandili iliyokaa mahali pamoja miaka na miaka. Ukiitikisa haitikisiki. Mwanakheri akaipapasa, akajikuta anatabasamu peke yake. Kisha akalaza mkono wake na kupima. Moja, mbili, tatu, nne, na bado meza ikaendelea karibu mkono mzima.

Fundi alimwona sura ikimbadilika, akamuuliza kulikoni. Mwanakheri akamweleza kuwa ameagizwa mikono minne. Akapima mara ya pili, safari hii taratibu zaidi, kana kwamba meza ingemhurumia na kujikunja. Haikujikunja. Basi akachukua nyingine, ya mvule, fupi, nzima, isiyo na kosa lolote. Hiyo ilikuwa mikono minne barabara. Ikafungwa juu ya lori, na yeye akaketi pembeni ya dereva hadi Pangani.

Meza ilipowekwa ukumbini, ilionekana kama mtoto aliyevalishwa kanzu ya baba yake. Huku pamebaki nafasi, na huku pamebaki nafasi. Hatibu akaitazama, akalaza mkono juu yake.

"Hii ni mikono mitatu na kitu," akasema. "Nilikwambia minne."

"Nimeipima mwenyewe, mbele ya fundi. Ni minne."

Hatibu akatikisa kichwa. "Marehemu hakuwahi kukosea kipimo."

Mwanakheri alihisi machozi yakimjia, lakini hayakutoka. Badala yake likamjia swali. "Bi Saumu alikuwa mrefu?"

"Tulikuwa tunalingana kabisa," akasema Hatibu. "Hata kanzu zangu zilimtosha."

Mwanakheri akasogea mezani. Akalaza mkono wake juu ya mbao, kiwiko kwenye ukingo, akamwomba Hatibu alaze wake kando. Ncha ya kidole chake ilifika pale vidole vya Hatibu vinapoanzia, basi. Wote wawili wakaitazama mikono ile.

"Tangu uliponioa," Mwanakheri akasema polepole, "umekuwa ukinipima kwa mkono usio wangu. Nami nimekuwa nikijinyoosha niufikie. Leo nimeiacha meza niliyoipenda kwa sababu hiyo."

Hatibu akauondoa mkono wake mezani. Kisha akauliza ile meza aliyoipenda ilikuwaje. Mwanakheri akamweleza droo zake, miguu yake, hata alama ya kandili, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wake ulivyong'ara. Hatibu akasema watakwenda wote, kesho, na hii fupi watairudisha.

Njiani, juu ya lori, Mwanakheri alimwomba Hatibu amsimulie habari za Bi Saumu, alikuwa mtu wa namna gani, alicheka vipi, alikasirishwa na nini. Hatibu akasimulia, na Mwanakheri akasikiliza kwa raha, kwani safari hii hakuwa akipimwa.

Walipofika karakanani, walimkuta Fundi Mhando ameshika msumeno. Ile meza ya msaji ilikuwa imelazwa ubavu, na mstari wa chaki umekatiza droo ya mwisho. Kando alisimama mwenye duka mmoja, Bwana Tamimu, aliyeipima mikono minne na kitu, akainunua asubuhi ile ile na kutaka ipunguzwe iweze kuingia dukani kwake. Mwanakheri akawahi mbele.

"Fundi, ngoja," akasema. Akamgeukia yule mwenye duka, akamuuliza kwa adabu ukuta wake una urefu gani.

"Mikono mitatu na nusu, mama."

"Ya nani?" wakauliza Mwanakheri na Hatibu kwa pamoja.

Bwana Tamimu akawatazama kama watu waliopungukiwa na akili, akasema ni yake, amepima mwenyewe. Basi ile meza ya mvule ikashushwa kwenye lori, akaombwa aipime. Akakunja shati, akalaza mkono: mmoja, miwili, mitatu, na nusu. Barabara. Akapima tena, akaanza kucheka. Alisema kwa kweli roho ilikuwa ikimuuma kukata kitu kizuri kama kile, ila hakuona meza nyingine ya kuenea ukutani mwake. Wakabadilishana pale pale, na Hatibu akaipima ile ya msaji: mikono minne kamili.

Fundi Mhando aliweka msumeno chini, akafuta chaki kwa kiganja. "Tangu jana," akasema, "meza hii moja imekuwa mikono karibu mitano, ikawa minne na kitu, na sasa ni minne. Nayo haijaongezeka wala kupungua. Kumbe kila mkono una dhiraa yake."

Jioni ile meza ya msaji iliegemezwa ukutani, ikaenea mlango hadi mlango bila kuziba hata mmoja. Hatibu akarudi nyuma kuitazama. Akafungua mdomo na kusema, "Marehemu," kisha akanyamaza. Akamgeukia mkewe na kumuuliza yeye angependa kuweka nini juu yake.

Mwanakheri alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo katika nyumba ile. Akajibu kuwa bado hajui. Akaiacha tupu siku tatu nzima, anapita na kurudi, anawaza, na Hatibu hakusema neno. Siku ya nne akaweka mtungi mwekundu wa udongo, upande mmoja, si katikati.

Maneno ya fundi nayo hayakubaki karakanani. Bwana Tamimu aliyasimulia kwa kila aliyeingia dukani, na Mwanakheri aliyapeleka katika kila nyumba aliyokwenda kuzalisha, akiwaambia mama wakwe wasiwapime wakaza wana wao kwa ujana wao wenyewe. Watu wakayazoea, wakayafanya yao. Na hata leo, mtu akitaka kumpima mwenzake kwa kipimo cha mwingine, wenye kujua humshika kiwiko taratibu na kumwambia: kila mkono una dhiraa yake.