Jina Moja la Gwaride

Hapo zamani, si zamani sana maana waliomfahamu bado wapo, palikuwa na sajenti mstaafu aitwaye Malugu. Ujanani alitembea maili ishirini na mzigo mgongoni, akafika akiimba. Alipostaafu, miguu ilipumzika, mdomo haukupumzika. Akanenepa mpaka akawa anafungwa kamba za viatu na mkewe. Majirani wakamwambia, "Afande, pensheni imekukubali!" Naye akacheka. Lakini kila asubuhi tarumbeta ilipolia kambini, ng'ambo ya korongo, alisimama mlangoni akitazama bendera ikipanda. Alitamani kitu kimoja tu: Siku ya Kikosi apite tena kwenye gwaride mbele ya bendera ile, bega kwa bega na wenzake.

Siku moja akaenda zahanati na kidonda cha unyayo kisichouma. Nesi Yunis akampima, akamwambia wazi, "Baba, huku si kushiba. Ni kisukari, na presha iko juu. Ukiendelea hivi, mguu huu utakatwa."

Malugu akaondoka kwa hasira, hata dawa hakuchukua. Yunis akamfuata nyumbani na dawa. Akafukuzwa. Akarudi. Akafukuzwa. Mara ya tatu Malugu akanyoosha mguu, akafungwa bandeji.

Mkewe, Foibe, alisifika mtaa mzima kwa vitumbua. Kila akipika, mume alimaliza nusu ya beseni. Basi Foibe akazima jiko. Biashara aliyoijenga miaka kumi na tisa akaiacha, akaketi na mumewe kula mlenda na kipande kidogo cha ugali wa uwele.

Kidonda kilipofunga, rafiki wa Malugu wa vitani, Koplo Nampoto, mwenye mguu mmoja wa bandia, akaanza kuja kila asubuhi kumtembeza. "Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!" Miezi kumi na minne. Malugu akapungua, akainama, akafunga kamba za viatu mwenyewe, akalia. Lakini kigutu cha Nampoto kilikuwa kikichubuka siku hadi siku, naye aliendelea kuja. Siku ya Kikosi ilipokaribia, hakuweza tena kuuvaa mguu wake.

Ndipo ikaja barua kutoka kambini. Kila mkongwe atakayepita aandikishe mtu wake mmoja. Huyo ataketi mbele, na jina lake litatangazwa pamoja na la mkongwe. Mmoja tu.

Nampoto akasema, "Sajenti, mimi sitapita tena. Basi angalau jina langu lipite na wewe."

Foibe akasema, "Baba Chilewa, miaka thelathini nimelisikia gwaride nikiwa nje ya ua wa kambi. Nimezoea kuuona mgongo wako ukienda. Nataka siku moja niuone uso wako ukija."

Yunis akasema, "Baba yangu alikuwa wa kikosi hicho. Aliniahidi kunipeleka. Kisukari kikamwahi. Sina mwingine wa kunipeleka."

Siku ikafika. Langoni karani akainua kalamu. "Mtu wako ni nani, Sajenti?" Malugu akawatazama watatu wale. Karani akauliza tena. Malugu akataja jina moja. Mmoja akaingia, wawili wakabaki nje ya ua.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, nijibuni kabla sijalitaja jina hilo: aliyesema ukweli akafukuzwa, aliyezima jiko lake, na aliyetembea juu ya maumivu yake, nani kati yao alistahili kuitwa siku ile?