Kwa Nini Watu wa Vuswelo Hawabebi Sadaka Yao Wenyewe

Kulikuwa na wakati, jamani, ambapo kila mtu wa Vuswelo alibeba sadaka yake mwenyewe. Najua mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ya mavuno ikifika, mtu aliamka, akajitwika kapu lake, akalitua mbele ya kanisa kwa mikono yake, na hakuna aliyeona ajabu. Kanisa lenyewe lilikuwa jipya, la kuta za udongo na paa la nyasi, na injili ilikuwa imepanda milima hii ya Upare juzi juzi tu. Watu walikuwa wamezijua nyimbo vizuri. Mengine yote walikuwa bado wanajifunza.

Siku hizo aliishi hapa Nakijwa, mwanamke mwembamba, hodari wa jembe na hodari zaidi wa maneno. Alikuwa na mdogo wake, Nanzia, mwanamke wa shingo nene na kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Mama yao alizaa mabinti hao wawili tu, na wote wawili waliolewa hapa hapa, kwa waume waliopakana mashamba. Shamba la Nakijwa lilikuwa juu, la Nanzia lilikuwa chini yake, na mfereji mmoja uliyanywesha yote mawili.

Maji ya mfereji huo yalitoka ndivani. Kwa mgeni asiyejua, ndiva ni lile bwawa la mawe na udongo tunalojenga mlimani ili likusanye maji ya kijito, kisha lifunguliwe alfajiri kwa zamu. Siku ya zamu yao, Nakijwa alinywesha kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa juu. Jua likigusa jiwe jeupe la mpakani, aliziba njia ya maji ya shamba lake kwa bonge la udongo, na maji yakateremka kwa mdogo wake. Hakuna aliyewekwa pale kusimamia. Ndugu na ndugu, wasimamiwe na nani?

Sasa, kanisani alikuwapo mwinjilisti mmoja, Zefania, kijana mwema aliyependa sana kusema. Katika sikukuu moja ya mavuno alipita kapu kwa kapu, na kila kapu akalitolea neno lake. Alipofika kwa Nanzia aliinua gimbi moja, kubwa kama goti la mzee, akalionyesha kanisa zima. "Tazameni! Huyu mama amemtolea Mungu kilicho bora!" Vigelegele vikapasuka. Kisha akafika kwa Nakijwa. Nakijwa alikuwa ameleta maharage aliyoyachambua siku tatu, hata punje moja mbovu haikuwamo. Zefania akatazama ndani, akasema, "Asante," akageukia kapu lililofuata.

Asante! Basi! Nakijwa alirudi kwenye benchi lake uso ukiwaka. Na kama kwa kusudi, somo la siku hiyo lilikuwa habari ya wale ndugu wawili wa mwanzo, Kaini mkulima na Habili mfugaji, sadaka ya mmoja ikapokewa na ya mwingine ikaachwa. Zefania alihubiri kwa bidii juu ya wivu na hasira na dhambi. Watu walitikisa vichwa wakimsikitikia Habili. Nakijwa peke yake aliona kwamba Kaini hakusikilizwa vizuri.

Njiani Nanzia alimshika mkono kwa furaha. "Dada, umeona alivyoliinua gimbi langu?"

"Nimeona. Mimi si kipofu."

Nanzia akadhani dada yake amechoka, akamchukulia kanga yake na kumwimbia wimbo mpaka nyumbani. Kuimbiwa huko ndiko kulikomuudhi Nakijwa kuliko yote.

Hasira hiyo haikuisha. Mvua zilipoanza, Nakijwa alipanda mbegu moja ya boga pale mfereji unapoingia shambani mwake. Maua yote akayachuma, akabakiza moja. Mumewe, Kiangi, mtu wa maneno machache, alimuuliza, "Mama, boga moja hili la nini?"

"Si la kuliwa," akajibu. "Ni la kuonwa."

Asubuhi ya kwanza ya zamu alichelewa kidogo tu kuziba maji. Alijiambia kwamba jua limewahi. Asubuhi ya pili alijiambia kwamba jiwe jeupe limeota ukungu, haoni vizuri. Asubuhi ya tatu hakujiambia chochote. Alichota udongo na matawi ya mgomba, akaziba njia ya kwenda chini, na maji yote yakabaki kwake. Wahenga husema damu ni nzito kuliko maji, lakini nadhani wahenga hao hawakuwahi kugombea zamu ya ndiva.

Boga likanenepa. Likawa kama kichwa cha mtoto, likawa kama chungu cha pombe, likapita chungu. Watoto wanne walilikalia kwa pamoja na likawabeba. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kulipapasa. Na kule chini majani ya magimbi yakawa ya manjano, yakainama.

Siku moja Nanzia alipanda mpaka mpakani. "Dada, maji yamepungua ndivani?"

"Labda. Uulize mlima."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Nanzia akageuka akashuka, hakucheka. Nakijwa alijisikia vibaya mpaka mchana. Kisha akaenda kulitazama boga lake, akapona.

Jumapili ya mavuno ikafika. Kiangi akajitolea kusaidia kubeba, Nakijwa akakataa katakata. "Akilishika mtu mwingine, watasema ni lake." Kutoka kwake hadi kanisani njia ni ya mteremko, mnaijua. Akalilaza boga juu ya majani ya mgomba, akalifunga kamba, akawa analishusha polepole, yeye nyuma anavuta, boga mbele linamvuta. Watu walimpita na makapu yao wakimpa pole. Kwa mbele, hatua kama hamsini hivi, Nanzia alikuwa anatembea na kapu kichwani.

Kamba ikakatika.

Boga liliposikia limeachiwa, lilianza taratibu kama mtu anayetafuta kiatu, kisha likapata mwendo. Waimbaji wakarukia shamba la maharage pamoja na nota zao. Mzee mmoja alitupa jogoo wa sadaka, jogoo akaruka juu ya paa la kanisa, akawika huko. "Jamani, boga! Boga!" Kushoto kwa njia kulikuwa na korongo, na boga lilikuwa linaelekea huko huko.

Nanzia aligeuka. Angeweza kukaa kando tu, na kazi ya mwaka mzima ya dada yake ingepasukia mawe ya korongo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliliacha kapu lianguke, akatanua miguu, akalipokea boga kwa tumbo. Wote wawili wakaporomokea mfereji wa kando ya njia. Maji yakaruka.

Kisha sauti ikatoka mferejini: "Dada! Halijapasuka!"

Nakijwa alifika anahema, akamkuta mdogo wake amekaa matopeni, amelikumbatia boga kama mwana.

"Umeumia?"

"Tumbo kidogo. Lakini dada, ni boga zuri. Lo, ni zuri mno."

Nakijwa alijaribu kuliinua, halikusogea. Nanzia akasimama na kukamua kanga yake. "Acha, wewe huna shingo ya mzigo huu. Nitwikeni mimi. Wewe nichukulie kapu langu." Wanaume watatu wakamtwika, naye akaanza kwenda, wima, matope yakimchuruzika.

Nakijwa akabaki kuokota magimbi yaliyotawanyika njiani. Hakuwa ameyaona kwa karibu tangu maji yalipozibwa. Yalikuwa madogo, membamba, mengine hayajazidi kidole gumba. Nanzia alikuwa ameyaosha moja moja na kuyatandikia majani mabichi, kama mtu anayeleta kitu cha maana. Nakijwa akayarudisha yote ndani, akajitwika kapu. Lilikuwa jepesi hata upepo ulitaka kuliondoa, naye akashindwa kuinua miguu. Alilia njia yote, na kwa kuwa watu walidhani analilia boga, walimwambia asijali, liko salama.

Kanisani, Zefania, ambaye hakuwahi kupanda mashambani kuliona boga, alipoliona likiingia kichwani mwa Nanzia alisahau hata kuomba. "Mama Nanzia! Mwaka jana ulitushangaza, mwaka huu umepita kiasi!" Vigelegele vikatikisa nyasi za paa. Akageuka, akatazama ndani ya kapu alilolishika Nakijwa. "Na... asante, mama." Kwenye mabenchi ya wanawake mtu akacheka kwa pua.

Hapo ndipo Nakijwa aliposimama kama mtu aliye kwenye daraja la mti mmoja. Akinyamaza, mwinjilisti atamwona mkulima mbovu, lakini hakuna atakayejua habari ya maji. Akidai boga lake, atapata vigelegele, na mdogo wake ataaibika na vigimbi vyake mbele ya wote. Alitamani vile vigelegele, nisiwadanganye. Alikuwa amevingoja mwaka mzima.

"Mwinjilisti," akasema, "boga ni langu. Magimbi ni ya mdogo wangu. Yamekuwa hivi kwa sababu maji yake nimelinywesha boga. Nimemwibia kila zamu, tangu mvua za kwanza mpaka leo."

Zefania akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini kwa nini, mama?"

"Kwa sababu uliniambia asante."

Zefania akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Vuswelo ikamwona akiufunga bila kitu kutoka.

Nanzia akaomba atuliwe boga. Wakamtua, sakafu ikaitikia. Watu wakajua sasa ni kofi, na wengine wakasogea ili waone vizuri. Nanzia akamkaribia dada yake, akasema, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Udongo wa kuziba uliuchota shambani kwangu, dada. Nisingeona shimo?" Akashusha pumzi. "Nami niseme langu. Nilipanda kwako na panga. Mara ya kwanza boga lilikuwa kama kichwa cha mtoto, nikaona huruma. Mara ya pili nilikuwa na hasira kweli kweli, nikainua panga, lakini lilikuwa limekuwa kubwa mno, nikalizunguka nikitafuta pa kuanzia, mpaka nikachoka nikakaa juu yake."

Nakijwa akamtazama, machozi hayajakauka. "Yaani ulitaka kuniulia boga langu?"

"Mara mbili!"

Sijui nani alianza. Wazee walisema ni Nakijwa, na kwamba kilikuwa kicheko kipya kabisa, hawajawahi kukisikia kwake. Nanzia akakidaka, na kicheko cha Nanzia mnakijua. Wakaanguka mmoja juu ya mwingine, wanacheka, wanalia, wanafutana matope, na kanisa zima likacheka pamoja nao mpaka yule jogoo wa juu ya paa akashuka kuja kuona kuna nini.

Zefania naye akapiga magoti. "Na mimi nimekosa," akasema. "Mungu hakunituma kuonja makapu." Wakamwitikia amina ambayo haijapata kuitikiwa kwa nguvu vile, nadhani kwa kuwa hotuba yake haikuwahi kuwa fupi vile.

Kisha Mzee Mbonea akainuka. Alikuwa hajasemezana na mdogo wake miaka minne kwa sababu ya mstari mmoja wa migomba. Akaenda hadi kwenye benchi la mdogo wake, akashika kapu lililokuwa magotini pake. "Lete nikubebee." Mdogo wake akalivuta kwake. Mzee Mbonea hakuliachia. Wakavutana kidogo mbele ya watu wote, kisha mdogo wake akafungua vidole. Baada ya hapo hapakuwa na utaratibu tena. Watu walipanda juu ya mabenchi wakitafutana, mtu na dada yake, mke na wifi yake, makapu yakipita juu ya vichwa, na vitu vilivyofika mbele vilichanganyika hata Zefania, angetaka, asingejua amsifu nani. Jioni boga na yale magimbi yakachemshwa kwenye sufuria moja nje ya kanisa. Magimbi yalikuwa na nyuzi, yakaliwa yote.

Na tangu siku hiyo, hakuna mtu wa Vuswelo abebaye sadaka yake ya mavuno mwenyewe. Kaka hubeba ya kaka, dada hubeba ya dada, na aliyezaliwa peke yake hupewa ndugu mwaka huo, apende asipende. Kabla hujaipeleka mbele ya Mungu utausikia uzito wake kwanza, ujue mwenzako amepata nini na amekosa nini.

Ndiyo maana pia ibada yetu siku hiyo huchelewa, na wageni hulalamika. Kengele haipigwi mpaka kila kapu limepata kichwa cha mtu mwingine. Mwaka juzi Senzia na kaka yake walikuwa wamekosana vibaya, na kapu la kaka yake lilikuwa chini, halina wa kulibeba. Tulikaa nje mpaka jua likawa utosini. Watoto walilia njaa. Hakuna aliyewasihi, maana hapa hatusihi, tunangoja tu. Mwishowe Senzia aliinuka, akavuka uwanja, akasimama mbele ya kaka yake, akainamisha kichwa.

Kaka yake akamtwika.